Merchant ni Yupi? Nomino Moja ya Kiingereza na Jalada la Mabepari wa Venisi

Makala hii imezaliwa na ubishi. Tulikuwa tumekaa kwenye vimbweta baada ya semina ya tafsiri, watu watano sita hivi, mwenzetu mmoja akaweka kitabu mezani na kusema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu: "Mwalimu hapa alichemsha." Kitabu chenyewe kilikuwa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, iliyochapwa na Oxford University Press mwaka 1969. Hoja ya mwenzetu ilikuwa fupi. Kiingereza kinasema mtu mmoja, Kiswahili kinasema watu wengi. Kiingereza kinasema mfanyabiashara, Kiswahili kinasema bepari. Kwa hiyo, kwa maoni yake, jalada lile si tafsiri bali ni siasa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na miaka miwili baadaye kila mwenye duka akawa bepari, hata yule wa Venisi!

Siku ile nilimuunga mkono, tena kwa kelele. Leo simuungi mkono, au tuseme namuunga nusu, na nusu yenyewe si ile aliyoidhani yeye. Nasema mapema kwamba nitazungumzia jina la kitabu tu. Namna Mwalimu alivyotafsiri ndani, mistari na mizani yake, ni shughuli nyingine, na wapo waliokwisha kuandika juu ya Shakespeare wake wa Kiswahili, kama Alamin Mazrui na Faisal Devji. Tena itabidi ndugu msomaji anivumilie, maana siwezi kufika Venisi bila kupitia darasa la Kiingereza.

Nilipokuwa kidato cha pili tuliambiwa tuandike insha juu ya wazazi wetu. Mama yangu alikuwa akiuza nyanya sokoni, kwa mafungu. Nilifungua kamusi ndogo ya shule, nikatafuta neno zuri la kumpamba, nikaandika kwamba mama yangu ni "merchant". Mwalimu alilikata kwa wino mwekundu, akaandika juu yake maneno yenye maana ya mchuuzi mdogo, kisha akaisoma sentensi yangu mbele ya darasa. Watu wakacheka wee! Nilikaa chini nikijiuliza: kamusi imesema ni mtu anayenunua na kuuza bidhaa. Mama ananunua. Mama anauza. Sasa kosa liko wapi?

Kosa liko katika mambo ambayo tafsiri ya neno moja kwa neno moja haiwezi kuyabeba. Nomino hii katika Kiingereza ina ukubwa ndani yake. Merchant hasa ni mtu wa jumla, si wa rejareja. Mzigo wake unapimwa kwa magunia na mapipa, na mara nyingi umevuka bahari. Ndiyo maana meli za mizigo za nchi, pamoja na mabaharia wake, zinaitwa kwa neno hilo hilo likitumika kama kivumishi. Ipo pia benki ya namna hiyo, ambayo kazi yake si kupokea akiba ya mimi na wewe bali kugharimia biashara na makampuni. Halafu neno hupenda kufuatana na jina la kitu kinachouzwa: merchant wa mvinyo, wa mbao, wa makaa ya mawe. Anayeuza huduma haingii humo. Kinyozi si merchant, wakili si merchant, na (hili tulishike vizuri, tutalihitaji mbele) mkopesha fedha si merchant, kwa sababu hana bidhaa.

Marekani wamelilegeza neno kidogo. Huko hata mwenye duka la mtaani anaitwa hivyo. Na siku hizi hata kwetu limelegea. Kampuni za simu zimemfanya mangi wa kona kuwa "merchant" kwa kuwa tu ana namba ya kulipia iliyobandikwa ukutani. Mama angeishi katika zama hizi za kulipa kwa simu, mwalimu wangu angekosa pa kushika.

Kuna matumizi mengine ambayo mwanafunzi hufundishwa kwa nadra, nayo ndiyo yaliyonifungua macho. Waingereza katika mazungumzo ya kawaida humwita dereva anayekimbiza gari ovyo "merchant wa mwendo", na mmbeya "merchant wa umbeya". Anayeuza silaha huitwa merchant wa mauti. Yaani neno lile lile la heshima, lenye meli na mapipa, linaweza kugeuka kejeli. Kumbe hata Kiingereza hakimwachi mfanyabiashara akae salama.

Kiswahili ndiyo usiseme. Jamani, tuangalie lugha yetu ilivyowafanya watu hawa. Neno "tajiri" limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni mfanyabiashara basi, awe na fedha nyingi au asiwe nazo. Kwetu limehama kabisa, sasa ni mwenye mali, au bosi: utingo wa daladala husema "tajiri anataka hesabu yake" bila kufikiria kama huyo tajiri ana biashara nyingine yoyote. "Bazazi" nalo ni la Kiarabu. Huko ni muuza nguo, hapa kwetu ni mjanja, laghai, mtu wa kuangalia mfukoni akipita. Na "bepari"? Hili ndilo lililotunyamazisha pale kwenye vimbweta, mzee mmoja wa maktaba alipopita na kutuuliza kama tunajua lilikotoka. Limetoka India. Wagujarati wanasema "vepari", na maana yake si mnyonyaji, wala si mwenye mtaji wa viwanda kama tulivyosoma katika vitabu vya Marx. Maana yake ni mfanyabiashara. Merchant! Lilikuja na watu wenyewe waliokuja kwa majahazi na pepo za kaskazi kuuza nguo na kununua pembe, karafuu na mikoko, wakafungua maduka Unguja, Bagamoyo, Mombasa na Lamu.

Kwa hiyo anayesema Mwalimu aliacha neno la Shakespeare akachukua neno la siasa anakosea kwa upande wa asili. Ukitafuta katika Kiswahili neno lenye harufu ya bahari, mzigo wa jumla na mtu aliyetoka mbali, "bepari" linamkaribia merchant kuliko "mfanyabiashara", ambalo ni neno safi, refu, lisilo na historia, limekaa kama fomu ya leseni. Hili nalisema kwa kujiamini.

Lakini asili ya neno si maana yake. Hapa ndipo nampa mwenzangu nusu yake. Mwaka 1969 hakuna aliyesikia "bepari" akamfikiria Mgujarati wa jahazi. Mabenki yalikuwa yametaifishwa Februari 1967, redio inaimba mirija na unyonyaji, na neno lilikuwa limevaa sare ya adui wa taifa. Mwalimu, ambaye alikuwa Rais na ndiye mwenye Azimio, hawezi kujitetea kwamba hakujua. Alijua. Kama jina lilikuwa na maana mbili, moja ya Shakespeare na moja ya Azimio, basi alizitaka zote mbili, na msomaji wa siku zile aliiona ya pili tu. Hiyo ni hasara ya kweli katika tafsiri na wahakiki wanaoisema hawasemi uongo.

Sasa tuje kwenye tamthilia. Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "The Merchant of Venice ni nani?", wanane kati ya kumi watakwambia Shylock. (Hesabu hii ni ya bwenini kwetu, isichukuliwe kama utafiti.) Nao wanakosea. Merchant ni Antonio. Shakespeare analitumia neno kwa ile maana niliyoieleza juu: Antonio ana meli zilizokwenda Tripoli, Indi, Meksiko na Uingereza, mali yake yote iko juu ya maji, na ndiyo maana hana fedha taslimu rafiki yake Bassanio anapozihitaji kwa ajili ya posa. Shylock si merchant. Shylock anakopesha kwa riba. Ukurasa wa jina wa chapa ya kwanza ya mwaka 1600 uliwatenga wazi, ukitaja ukatili wa Myahudi Shylock kwa merchant huyo. Lakini miaka miwili kabla, tarehe 22 Julai 1598, kitabu kilipoandikishwa katika daftari la chama cha wachapaji wa London, kiliandikwa kwa majina mawili: Merchant wa Venisi, au kwa jina jingine Myahudi wa Venisi. Kwa hiyo kuchanganya kulianza mapema, si bwenini kwetu tu.

Tofauti hii ya Antonio na Shylock kwetu pwani haihitaji maelezo marefu. Kurani, katika sura ya pili, inaitenga biashara na riba: moja imehalalishwa, nyingine imeharamishwa. Kanisa la Ulaya nalo kwa karne nyingi liliwakataza Wakristo kula riba, na kazi hiyo ikasukumiwa Wayahudi ambao walizuiwa kazi nyingine nyingi. Huko Venisi kwenyewe walifungiwa katika mtaa wao, Ghetto, tangu mwaka 1516. Antonio anakopesha bure, na kwa kufanya hivyo anashusha kiwango cha riba mjini, jambo ambalo Shylock analitaja kuwa sababu mojawapo ya chuki yake. Kwa ufupi mgogoro wa tamthilia umejengwa juu ya mpaka wa nomino moja. Huku ni merchant, kule ni mla riba. Ukiufuta mpaka, umefuta mgogoro.

Na "mabepari" linaufuta. Kiambishi kile "ma-" kinawaweka wote ndani ya gunia moja. Hii ndiyo hoja nzito dhidi ya jalada la 1969, nzito kuliko ile ya siasa, na nashangaa haisikiki sana katika semina zetu.

Hata hivyo tusikimbilie kutoa alama ya sifuri. Je, Shakespeare mwenyewe anaulinda mpaka huo mpaka mwisho? Katika onyesho la mahakama, tendo la nne, Portia anaingia akiwa amejigeuza mwanasheria, na karibu jambo la kwanza analouliza ni yupi kati ya wale wawili ni merchant na yupi ni Myahudi. Mtu anaweza kusema ni utaratibu wa mahakama tu, jaji lazima awajue wadaiwa. Mimi nadhani swali ni la kweli. Wamesimama wawili mbele yake na hawezi kuwatenganisha kwa macho. Kisha tazama hukumu. Nusu ya mali ya Shylock inawekwa chini ya Antonio, aitumie au aishike kama amana, hadi Shylock atakapokufa impate Lorenzo aliyemtorosha Jessica, binti yake. Wahariri wa Kiingereza wanabishana kama maana yake ni amana ya kisheria au ni kuizungusha ilete faida. Vyovyote iwavyo, merchant ametoka mahakamani akiwa na mtaji wa mla riba mkononi, na katika tendo la tano anapata habari kwamba meli zake tatu zimerudi salama zikiwa zimejaa. Nani basi anayebaki na mali Venisi? Kufikia hapo "ma-" si kosa tena. Ni uhakiki.

Shakespeare hakuwa mgeni katika mambo haya. Baba yake mwenyewe, John, aliyekuwa fundi wa glavu huko Stratford, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba iliyozidi sheria. Mtoto wa mtu kama huyo anaijua njia fupi kati ya duka na riba.

Kuna jambo jingine, nalo kwangu ndilo kubwa. Siku chache baada ya Azimio, tarehe 14 Februari 1967, Mwalimu aliandika katika gazeti la The Nationalist makala ya kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba Azimio linahusu watu na imani zao, si makabila wala rangi, na kwamba anayewachukia Wayahudi, au Waasia, au Wazungu, huyo si mjamaa. Wayahudi wametajwa humo kwa jina. Mtu aliyeandika hivyo ndiye huyo huyo ambaye miaka miwili baadaye ametoa tafsiri ya tamthilia ambayo Ulaya ilikuwa imeitumia kwa muda mrefu kuwacheka na kuwatukana Wayahudi. Je, angeiita Bepari wa Venisi, kwa umoja, wasomaji wake wangemwona nani?

Nilimuuliza mwenzangu swali hilo. Katika semina iliyofuata mhadhiri alikuwa ametuagiza kila mmoja aje na jina lake jipya la kitabu. Yeye alileta Bepari wa Venisi, umoja, eti kwa uaminifu kwa Kiingereza. Nikamuuliza, huyo bepari ni yupi? Akanijibu papo hapo, bila kufikiri: "Si yule Myahudi!" Darasa likacheka, naye akacheka. Lakini hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Katika Kiswahili cha baada ya 1967, umoja ungemnyooshea kidole mgeni mmoja. Wingi unamnyooshea pia Antonio, Mkristo, raia, mtu wa heshima mwenye marafiki ikulu. Uaminifu wa sarufi ungezaa uongo wa maudhui.

Sisemi haya kwa nadharia tu. Shuleni kwetu tuliwahi kuigiza onyesho la mahakama siku ya wazazi. Nafasi ya Shylock ilipewa kijana mmoja wa Kihindi, wa pekee darasani, ambaye babu yake alikuwa na duka mjini. Alipewa "kwa sababu anafaa", ndivyo tulivyoambiwa, na aliagizwa aongeze lafudhi. Akaongeza. Alipotoa kisu, ukumbi mzima ulimpigia kelele za jina la duka la babu yake. Nilikuwa safu ya pili na nilipiga kelele kama wengine. Kitabu alichoshika mkononi kilikuwa hiki hiki chenye jina la wingi, na halikumsaidia kitu. Kwa hiyo sitaki kudai kwamba kiambishi kinaweza kuzuia chuki. Nadai tu kwamba mtafsiri alifanya sehemu yake, na sisi wasomaji tukaurudisha umoja kwa midomo yetu.

Nirudi kwenye nomino kabla sijamaliza nafasi niliyopewa. Merchant limetokana na Kilatini, kutoka katika neno lenye maana ya bidhaa. Katika ukoo huo huo limezaliwa neno la Kiingereza la soko, na pia, ajabu, neno la huruma, "mercy", ambalo kwanza lilikuwa ujira au malipo. Hotuba mashuhuri ya Portia kuhusu huruma inatolewa basi mbele ya merchant kwa neno lililo ndugu yake wa damu. Mwingereza wa kawaida hasikii undugu huo, lakini upo, na tamthilia nzima ni ya watu wanaopima huruma kwa mizani ya sokoni. Kiswahili hakiwezi kulipata hilo kwa vyovyote. "Rehema" yetu imetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao ndani yake mna pia tumbo la uzazi. Huruma yetu ni ya mama, si ya duka. Mtafsiri yeyote, awe Rais au mwanafunzi wa mwaka wa pili, atapoteza hapa. Wala sioni aibu katika kupoteza huko.

Kwa wahadhiri wa kozi ya tafsiri nina ombi. Kitabu hiki kikichapwa tena, kiwekewe ukurasa mmoja mbele unaoeleza "bepari" lilitoka wapi na lilikuwa limefika wapi mwaka 1969. Na kwa wenzangu nina zoezi: jaribuni kuliweka swali la Portia katika Kiswahili bila kutumia "bepari". Nimejaribu mara tatu. Nikiandika "mfanyabiashara", Shylock naye ananyoosha mkono, maana kwetu kukopesha nako ni biashara. Nikiandika "tajiri", wananyoosha wote wawili. Nikaandika "mchuuzi", hakuna aliyenyoosha, ila nilimwona mama yangu amekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, nikalifuta.